Ubao wa Vyuma vya Bibi

Nimerudi Kashai, hapa Bukoba mjini, na kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa, na hasira zangu zote ziko kwenye kidole hicho. Usinionee huruma mapema, rafiki yangu. Subiri kwanza nikwambie kilichonikata na mahali kiliponikatia. Ni mundu. Tena si shambani, ambako mundu una haki ya kuwepo. Ni uani kwa marehemu bibi yangu, kule Muleba, mbele ya zizi, hatua nne tu kutoka mlangoni. Ulikuwa umelala chini ya majani makavu, makali juu, unanisubiri mimi niliyetoka mjini na kandambili zangu.

Mwenye mundu ni mdogo wangu, ndiye aliyerithi nyumba ile na ng'ombe. Ni kijana mzuri, sitaki umfikirie vibaya, ana bidii hadi anatia wivu. Lakini tangu aanze kulima mpunga kule Kimwani, miundu imezaliana pale kwake kama kuku. Nilipokaa kwenye ndoo kukamua damu kwenye kidole, nikaanza kuangaza macho. Panga lilikuwa juu ya hori la kulishia ng'ombe. Shoka liliegemea pipa la maji. Miundu miwili ilining'inia kwenye ua wa miti, usawa wa jicho la mtoto. Kuku alikuwa amesimama juu ya kisu cha kukatia majani, anajinyoosha bawa. Na katikati ya hayo yote ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba alikuwa anatembea taratibu, anajikuna shingo popote anapotaka.

"Ubao wa bibi uko wapi?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole. Ubao ulikuwa umesimamishwa kwenye mlango wa banda la kuku, umezuia vifaranga wasitoke.

Hapo damu ikanichemka kweli. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika. Mdogo wangu aliniacha niseme, huku ananimwagia kidole maji ya chumvi na kucheka kidogo kidogo, kisha akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi: "Dada, waitu, tafadhali, punguza. Hata bibi mwenyewe si alisahau mundu, ng'ombe wake Bihogo akakatika ulimi? Bibi wa ubao! Na maisha yakaendelea."

Nikanyamaza. Wanaonijua watakwambia kwamba mimi kunyamaza si jambo dogo. Nilinyamaza uani pale, nikanyamaza njia nzima hadi Bukoba, na nimekaa dukani kwangu siku tatu na kidole changu nikiwa bado nimenyamaza. Sasa nimechoka. Wacha nikusimulie wewe kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mama alikuwa amelazwa Bukoba mjini kwa miezi mingi, baba yuko naye, na sisi watoto wawili tulikuwa tumeachwa kwa bibi. Mimi nilikuwa wa kutumwa. Mdogo wangu alikuwa wa kubebwa, hajafikisha hata mwaka. Alikuwa ameachishwa ziwa kabla ya wakati wake, kwa hiyo uhai wake wote ulikuwa kwenye maziwa ya Bihogo.

Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu wa kukolea, mwenye pembe ndefu na kiburi cha mke wa mchungaji. Bibi alikuwa na ng'ombe wengine wawili, lakini mwaka ule aliyekuwa na maziwa ni yeye tu. Asubuhi kikombe cha kwanza kilichemshwa, kikachanganywa na uji mwepesi, kikapelekwa kwa mtoto. Kilichobaki ndiyo chai yetu. Bado naikumbuka harufu ya uani pale: moshi wa samadi kavu iliyochomwa kufukuza nzi, maganda ya ndizi yaliyorundikwa, na yale majani mabichi ya kutandika ndani ambayo bibi aliyabadilisha kila Jumamosi ili Jumapili turudi kanisani tukute nyumba inanukia. Jioni ulisikia vitu vitatu tu. Kisu cha bibi kinamenya ndizi, chungu kinatokota, na ng'ombe wanalia nje ya lango wanataka kuingia.

Walilia nje kwa sababu ya ubao.

Babu, ambaye sikumjua, alikuwa ameuchonga kwa mti wa msizi, mrefu kama kitanda, una nafasi saba zilizokatwa pembeni. Uligongomelewa kwenye ukuta wa zizi, juu kabisa, pale mkono wa bibi ulipofika akiunyoosha. Ng'ombe hakuweza kuugusa kwa shingo na mtoto hakuufikia hata akipanda kigoda. Kila chuma chenye makali kilikuwa na nafasi yake: mapanga mawili, miundu mitatu, shoka, na kisu kikubwa cha kukatia majani. Makali yaliangalia ukutani, mipini ikaangalia kwetu. Aliyeruhusiwa kutoa na kurudisha ni bibi peke yake. Wewe ulimpelekea chuma ukitanguliza mpini, umeinamisha kichwa kidogo kama unampa mkwe kikombe. Ukitanguliza makali alikuangalia tu, wala hakupokea, hadi ukigeuze.

Halafu alihesabu. Kila jioni, kabla lango halijafunguliwa, bibi alisimama chini ya ubao na kugusa mpini mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti kwa Kihaya: emoi, ibili, ishatu, hadi afike mushanju, saba. Akisema mushanju ndipo unakimbia kufungua lango. Asipofika mushanju, hakuna ng'ombe anayeingia, hakuna anayekula, hakuna anayekaa. Watu wote wanatafuta. Kuna jioni tulitafuta kisu kile hadi ndizi zikaungua chunguni, mvua inatunyeshea, ng'ombe wanapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Kikaonekana kwenye tenga la viazi, mimi ndiye niliyekisahau. Bibi hakunipiga. Alikigusa tu na kusema "mushanju", na tukala ndizi zilizoungua.

Usidhani nilimpenda kwa hilo. Nilichukia. Nilikuwa na njaa kila jioni na bibi anagusa mipini kama anayebariki watoto. Majumbani kwa wenzangu mapanga yalilala popote, na hakuna aliyekufa. Niliapa kwamba nikiwa mkubwa, nyumbani kwangu chuma kitalala kinapotaka.

Sasa nikueleze jambo moja ambalo wewe usiyetoka kwetu huenda hulijui. Sisi watu wa migomba tuna tabia. Ukimaliza kukata kitu, au ukitaka kuifanyia mikono yako kazi nyingine, unachomeka mundu kwenye mgomba ulio karibu. Mgomba ni laini, una maji, unashika mundu vizuri na unausafisha ute. Kila mtu anafanya hivyo, hata bibi alifanya hivyo kule shambani. Mkono unachomeka wenyewe, hauombi ruhusa. Na tena, ng'ombe wetu wanakula migomba. Ndizi zikishavunwa, gogo linakatwa vipande na kupelekwa zizini, hasa kiangazi majani yakiwa haba. Ukiyaunganisha hayo mawili utaona ninakoelekea.

Ilikuwa asubuhi, mvua za vuli zimeshaanza. Bibi alikuwa ameshakamua. Akanitolea mundu mmoja ubaoni, akanipa, mpini mbele, nikate vipande vya mgomba nimpe Bihogo kabla ya kwenda malishoni. Nilikuwa nimekata kama vitatu. Bihogo alikuwa amefungwa kwenye mti wake, ananitazama kwa kunidharau. Ndipo kelele zikatoka kilimani:

"Senene! Senene wameanguka!"

Kama hujawahi kukaa kwetu, siwezi kukueleza. Senene, panzi wetu wa kula, hawasubiri. Asubuhi wakiwa wamelowa kwenye majani hawawezi kuruka vizuri, unawaokota kama maharage. Jua likipanda wameondoka, na wewe utakaa mwaka mzima ukisimuliwa jinsi wenzako walivyojaza madebe. Kijiji kizima kilitoka. Niliona mwalimu wetu wa darasa la nne anakimbia na beseni, tai shingoni.

Mkono wangu ukachomeka mundu kwenye gogo la mgomba, pale pale chini, mbele ya Bihogo. Nikachukua kopo.

Bibi alikuwa langoni, mdogo wangu mgongoni, kikapu mkononi. Na yeye alikuwa na macho ya senene, alikuwa binadamu. Lakini hata hivyo alisimama, akageuka.

"Vyuma vimerudi vyote?"

"Vyote, bibi," nikasema.

Kwa kawaida alihesabu pia kabla ya kuacha nyumba, lakini siku hiyo hakurudi kuhesabu. Katika miaka yote niliyomjua, ni mara moja tu hakuhesabu, na ni kwa sababu alikuwa ameniuliza mimi.

Tulijaza kopo, tukajaza kikapu, tukajaza hadi kanga ya bibi. Nilirudi mbio mbele yake nikiimba. Nikamkuta Bihogo amesimama kichwa chini, mate yake yanavuja mekundu. Alikuwa amevuta gogo kwa ulimi kama ng'ombe avutavyo. Mundu ulikuwa bado umesimama kwenye mgomba, umelowa.

Bibi alifika nyuma yangu. Alimtazama ng'ombe, akatazama mundu, akatazama ubao, pale penye nafasi tupu. Nilisubiri aniulize ili nilie. Hakuniuliza. Alimshusha mtoto mgongoni, akanipa nimshike, akasema polepole, kama anajisemea:

"Mawe, mama yangu. Sikuhesabu."

Hayo tu. Na jirani alipokuja, na wengine walipokuja, alirudia maneno yale yale: "Ni mimi. Sikuhesabu." Nami nilikuwa nimesimama pembeni na mtoto begani, na ulimi wangu mzima kabisa, usio na hata mkwaruzo, haukusema kitu.

Jirani huyo alikuwa mzee wa Kiislamu, mchuuzi wa dagaa wa kisiwani Bumbire, mtu mwenye utani mwingi. Ndiye aliyemchinjia kila mtu kijijini, Waislamu na Walutheri sawa, ili nyama iliwe na wote. Kisu chake alikibeba kwenye ala ya mbao, na akija kwa bibi alimkabidhi mlangoni, mpini mbele, bila kuambiwa. Siku hiyo hakuleta utani. Alimfunua Bihogo mdomo, akautazama ulimi, akatikisa kichwa.

"Mama, ng'ombe asiyevuta majani hana siku nyingi. Tusingoje afe mwenyewe, nyama itapotea bure."

"Na mtoto atakunywa nini?" bibi akamuuliza.

Mzee akamgeukia mtoto begani kwangu.

"Nipe siku nne, waitu," bibi akasema. "Siku nne tu."

Mzee akampa siku nne, na kwa kuwa njia ni ya mlima na magoti yake hayakuwa mazuri, akakiacha kisu. Bibi akakiweka juu ya ubao. Kikakaa pale, ndani ya ala, kinamsubiri Bihogo. Niliingia na kutoka zizini siku nne nzima nikiwa na kisu kile juu ya kichwa changu.

Jioni ile senene walikaangwa, hatukuwa na namna, tulikuwa tumeshawanyonyoa mabawa. Laiti ungeijua harufu yao, mafuta yao wenyewe yanavyolia kwenye sufuria. Nilitia mmoja mdomoni. Hakupita. Mpaka leo watu wa Kashai wanashangaa Mhaya gani huyu asiyekula senene, nami nawaambia wananipa kiungulia.

Bihogo hakula siku ya kwanza, wala ya pili. Bibi alimsafisha mdomo kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, akambembeleza kwa majina yote ya mama zake. Alisaga maganda ya ndizi kwenye kinu, akayachanganya na uji na chumvi, akamtia mdomoni kwa kiganja, nyuma kabisa ya ulimi, huku mkono umelowa hadi kwenye kiwiko. Maziwa yalipungua hadi kikombe kimoja, kisha nusu, kisha hakuna kitu. Mdogo wangu alilia hadi sauti ikakauka. Mke wa mzee mchuuzi akaanza kuleta chupa ya maziwa ya mbuzi wake kila asubuhi, akiwa ameifunika kwa ushungi isipate vumbi, naye mtoto akawa anayatema nusu na kunywa nusu. Nilimbeba, nikamtembeza, nikamwimbia. Sijawahi kumbeba mtoto yeyote vile, hata wangu mwenyewe. Kila nilipopita chini ya ubao nilijiambia kwamba leo nitasema. Nilipomwona bibi na mkono wake mchafu na macho yake mekundu, nilijiambia kwamba kesho.

Siku ya nne mzee alikuja. Bibi alichukua fungu la majani mabichi, akaliweka chini mbele ya Bihogo, wakasimama wote wawili wakitazama. Bihogo alinusa. Akatoa ulimi, una kovu bichi upande mmoja, umepinda kidogo. Akajaribu, ukateleza. Akajaribu tena, akavuta jani moja. Moja tu. Akalitafuna kwa muda mrefu kama anayelihukumu.

Mzee akacheka hadi akashika magoti. "Mama, nipe kisu changu nikamchinje kuku, huyu ana kiburi bado." Bibi akakishusha, akampa, mpini mbele, na ndipo nikamwona analia.

Maziwa yalirudi polepole. Mama naye alirudi kutoka mjini, amekonda lakini mzima. Bibi akaanza kuhesabu mara mbili, asubuhi na jioni, na hadithi ikaenea na kukomaa hadi ikawa utani wa ukoo mzima: bibi wa ubao aliyesahau mundu. Kwenye harusi waliisimulia. Kwenye msiba wake, Mungu amrehemu, waliisimulia, watu wakacheka huku wanalia, na mimi nilikuwepo, mwanamke mzima mwenye duka, nikatazama chini. Sijui kama bibi alisahau kwamba aliniuliza, au alikumbuka na akaamua kunibebea. Nimelifikiria hilo miaka thelathini na zaidi. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza kila likizo, na kila likizo niliogopa jibu.

Na duka langu, kama hujalibahatisha, linauza vyuma. Mapanga, miundu, mashoka. Kila mteja namfungia makali kwa boksi na kumuuliza ataweka wapi, kuna ng'ombe, kuna watoto, kuna ubao? Bodaboda wa pale nje wananiita Mama Maboksi. Wananunua, wanacheka, wanalitupa boksi kabla hawajavuka barabara, naliona kabisa. Nimekasirika na watu wote wa wilaya mbili kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Leo mchana nimempigia mdogo wangu simu. Sikumsalimu vizuri, nilijua nikianza salamu nitaishia kwenye mpunga.

"Haikuwa bibi," nikamwambia. "Mundu wa Bihogo. Ulikuwa wangu. Bibi aliniuliza, nikasema vyote vimerudi."

Nikasikia anaweka ndoo chini.

"Dada," akasema, "na mimi mtu mzima miaka yote nasema bibi alisahau?"

"Ndiyo."

"Na wewe unanisikiliza?"

"Ndiyo."

Hakucheka. Nilitamani acheke. Akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Ule ubao ulikaa juu kiasi gani ukutani?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakwama. Pale mkono wa bibi ulipofika. Ndicho kipimo pekee ninachokijua. Ukuta wenyewe ulibomolewa zizi lilipojengwa kwa matofali, na bibi ninayemkumbuka ni yule niliyemwona nikiwa namfika kwenye mbavu. Nilisimama dukani, nikanyoosha mkono ukutani kati ya mapanga, mteja ananishangaa.

"Uweke juu ya pembe za ng'ombe," nikamwambia. "Kisha uhesabu. Una vyuma vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Hesabu sasa hivi, nakusubiri."

Nikamsikia anatembea uani, anafunua majani, anamfukuza kuku, simu imebanwa begani. Alihesabu hadi tisa. Akarudia. Tisa. Kimoja akakikuta ndani ya hori, chini ya majani ya jioni. Nikamwambia ng'ombe amtoe pale, ampeleke kwa wajukuu wa mzee mchuuzi akalale huko, asibishane na mimi. Hakubisha.

Zamani tungekilipia kwa saa moja ya njaa na sufuria moja ya ndizi zilizoungua, na bibi angesema mushanju, na lango lingefunguliwa. Sasa jua limekuchwa, nimefunga duka, kidole kinapwita, na mdogo wangu amenipigia mara mbili kuniambia kwamba cha kumi na moja bado hajakiona.